Nilikubali mchango kwa kuishiwa bando

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi kijiji kimoja wilayani Muheza, upande wa machungwa. Jina la kijiji nitalificha, kwa kuwa bado tunaombana chumvi na wenzangu nitakaowasema humu.

Mwezi Februari, usiku wa Jumanne, mtendaji wetu aliandika kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kwamba kila kaya itoe shilingi 15,000 za kujenga vyoo vya shule ya msingi. Chini yake akaongeza: mwenye pingamizi aseme kabla ya Ijumaa saa 12 jioni, na atakayesoma akanyamaza amekubali. Mimi bando langu lilikuwa limekatika tangu mchana wa siku hiyo. Vocha nilinunua Jumamosi asubuhi, baada ya kuuza machungwa mawili matatu gulioni. Kuwasha data tu, simu ikalia mfululizo kama ina homa: tangazo la arobaini, mbuzi aliyepotea, maua yenye maneno ya Ijumaa Kareem, video ya mtu anayecheka bila sababu, na katikati ya vyote hivyo tangazo la mtendaji. Mwisho kabisa palikuwa na maneno ya mwenyekiti, kwamba anawashukuru wananchi, jambo limepita kwa kauli moja.

Kauli moja! Kumbe nami nilikuwemo kwenye kikao, na kura yangu ya ndiyo niliipiga nikiwa shambani napalilia mihogo.

Ningenyamaza. Shilingi 15,000 ninayo, na vyoo vya shule ile nimevifahamu tangu nilipokuwa nafundisha pale. Anayesema havihitajiki hajapata kuingia. Kilichonitoa nyumbani ni jirani yangu, mama mmoja anayenizidi kama miaka sita, mimi namwita dada. Simu yake ni kitochi, na hicho chenyewe huzimwa mchana ili kitunze chaji. Wiki tatu baadaye mgambo wawili walifika uani kwake kudai mchango. Akawauliza mchango wa nini, na uliamuliwa lini. Wakamwambia uliamuliwa kwenye grupu. Akadhani ni grupu la kina mama la kukopeshana, akawaambia yeye alishajitoa mwaka juzi. Waliondoka na jogoo.

Jioni akaja kwangu. "Mwalimu," akaniuliza, "hilo grupu hukutania wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na tangu siku ile swali lake halijanitoka. Naliandika hapa kwa sababu naamini halihusu jogoo mmoja wala kijiji kimoja.

Mama huyu mimi namjua tangu 1973. Nilikuwa kijana wa miaka 22, mwalimu mpya, nikateuliwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wa leo huenda hawajui hata lilikuwa jambo gani, kwa hiyo naomba nieleze. Kwa majuma 12 nchi nzima ya bara ilikaa vikundi vikundi kando ya redio kujifunza namna ya kujikinga na malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Inakadiriwa walioshiriki walikuwa watu wazima milioni 2, na viongozi wa vikundi tuliofundishwa tulikuwa kama 75,000. Kabla ya hapo, mwaka 1970, redio ilitumika hivyo hivyo kuelimisha watu juu ya uchaguzi, ila vikundi vilikuwa vichache. Mtu ni Afya ndiyo iliyotikisa.

Kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe wa karibu na ghala la pamba za kujazia mito. Ghala halipo siku hizi, mwembe upo. Redio ilikuwa moja, ya betri sita, mali ya mzee mmoja mwenye duka. Alikuja nayo kwapani, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akakaa karibu nayo asije mtu akagusa kitufe. Betri zikianza kuchoka tulizianika juani, na kweli zilipata nguvu kidogo. Kipindi kikiisha, redio inazimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nasoma kijitabu kwa sauti, kwa kuwa wengi walikuwa hawajui kusoma, halafu watu wanaulizana: hapa kwetu hali ikoje? Kisima kiko wapi? Nani hana choo? Tutachimba lini?

Sitasahau siku ya somo la choo. Redio ilikuwa imesema shimo liwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Mama huyu, wakati ule mke wa mtu mwenye mtoto mgongoni, akainuka na kusema ushauri huo ni mzuri, lakini upande wa chini wa mteremko kwetu ni bondeni, na bondeni maji ya masika yanapanda mpaka unayachota kwa kata. Shimo la bondeni litafurika, na kinyesi kitaelea hadi mlangoni. Wazee wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa ni kweli. Tukakubaliana vyoo vya mtaa ule vichimbwe ubavuni, kwenye udongo mwekundu. Redio ya Dar es Salaam haikujua bonde letu. Mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni alilijua, naye alipata pa kusemea.

Nisije nikaonekana mzee anayelilia zama zake. Redio ile ile, mwaka ule ule wa 1973, mwezi wa Novemba, ndiyo tuliyosikia kwayo kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Hapo hapakuwa na kijitabu wala kiongozi wa kikundi wa kuuliza "hapa kwetu hali ikoje?" Katika sehemu nyingi za nchi watu walipakiwa kwenye malori, na mahali pengine nyumba walizoziacha zilichomwa wasirudi. Sauti ni ile ile, masafa ni yale yale, betri ni zile zile sita. Mwezi wa Julai ilituuliza, mwezi wa Novemba ikatuamuru. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Vikundi vile vya chini ya mwembe vingeendelea mpaka Novemba, vikaruhusiwa kujadili kuhama kama vilivyojadili vyoo, sijui, labda vijiji vingine vingewekwa penye maji.

Lakini hata ilipoamuru, redio ilikuwa na heshima moja: ilisikika na aliyekuwa karibu nayo, mwenye nayo na asiye nayo. Jioni ya Aprili 12, 1984, Mwalimu Nyerere mwenyewe alipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, nilikuwa stendi ya Muheza nasubiri gari. Redio ilikuwa dirishani mwa mkahawa. Wapiga debe walinyamaza. Mama wa maandazi alizima jiko. Hakuna aliyepata habari ile kabla ya mwenzake wala aliyeipata pungufu. Aliyekuwa na senti na asiyekuwa nayo waliipata dakika moja. Redio moja ilitosha nyumba kumi, na balozi wa nyumba kumi hakuweza kusema jambo lilitangazwa ikiwa halikutangazwa, kwa sababu majirani nao walikuwa na masikio.

Simu imeundwa kwa sikio moja. Ukitia spika za masikioni hata mkeo hajui unaambiwa nini.

Kuna zama nyingine nimezisikia kwa babu yangu, na hizo ndizo hili grupu linanikumbusha zaidi. Huku kwetu karatasi iliwahi kufika. Kule Magila wamisionari walichapa gazeti la Kiswahili tangu karne ya 19, na Tanga Wajerumani walianzisha gazeti la Kiongozi mwaka 1904, likitoka kwenye shule yao ya serikali. Shule ile ndiyo iliyowazalia makarani na maakida, yaani wasimamizi wao waliokuwa juu ya majumbe wa vijiji. Mjerumani mmoja asingeweza kutawala nchi hii kwa mdomo. Alitawala kwa barua za Kiswahili, akida anaandika, jumbe anapokea, karani anaweka kwenye kitabu. Kodi ya kibanda ilipoingia 1898, babu wa babu yangu alilipa, lakini hakuwa na uwezo wa kusoma kama jina lake limeandikwa kuwa amelipa. Ilibidi ampelekee karani kuku ili amsomee. Babu akihadithia hapo husema: "Tulitozwa na serikali kodi, na karatasi nayo ikatutoza." Basi mgambo walipoondoka na jogoo wa jirani yangu, nilimkumbuka babu.

Hilo neno mgambo nalo lina yake. Wazee husema la mgambo likilia kuna jambo. Mgambo wa methali hiyo ni tangazo: baragumu linapulizwa, watu wanatoka majumbani kusikia kuna nini. Mgambo wa leo ni kijana mwenye rungu. Zamani ulimsikia mgambo kwanza, ukaenda kuamua. Siku hizi yameshaamuliwa, ndipo mgambo anakuja.

Grupu lenyewe silichukii, na naomba mtendaji akisoma barua hii anielewe. Limetufaa. Alipofariki fundi seremala wetu, watoto wa kijiji walioko Dar es Salaam, na mmoja aliyeko Muscat, walituma fedha kwa simu kabla kaburi halijachimbwa. Mwizi wa pikipiki alikamatwa Segera kwa picha iliyorushwa humo. Kijana anayesoma chuo hutuwekea bei ya machungwa ya Dar, walanguzi wasitupunje sana. Na siku hiyo hiyo ya mchango, watatu kati ya walioandika "naunga mkono" walikuwa watu wazuri wenye nia njema. Nimewahesabu wote. Kwenye grupu tuko 140 na ushei, kijiji kina kaya zaidi ya 400. Walioandika ndiyo ni 11. Kati ya hao 11, wanne hawaishi kijijini, na mtoto wao hatatumia choo kile hata siku moja.

Ilitokea pia siku ambayo lingeweza kuwa kikao kweli. Baada ya michango kuanza kukusanywa, kijana mmoja wa bodaboda aliuliza humo humo: mifuko ya saruji mingapi imenunuliwa, kwa bei gani, na risiti iko wapi? Akaweka picha ya saruji aliyoiona ghalani, akaihesabu kwa duara nyekundu. Watu waliokuwa kimya miezi wakazinduka. Dakika 40, ujumbe baada ya ujumbe, maswali ya maana, hata utani wa kistaarabu. Nilikaa kitandani nimeshika simu kwa mikono miwili, nikajiona niko chini ya mwembe tena. Kisha yakatokea maandishi madogo ya kijivu katikati ya kioo: kuanzia sasa wanaoruhusiwa kuandika ni maadmini peke yao. Maadmini ni mwenyekiti, mtendaji na mwanawe mtendaji.

Grupu likawa redio. Na ni redio mbovu kuliko ile ya mzee wa duka, kwa kuwa ile angalau aliyepita njiani aliisikia.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu nimekwenda kuiuliza. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema mamlaka ya juu kabisa kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haisemi mwenye simu janja. Mkutano huo unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu. Kwa jambo la ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uidhinishe. Hebu nifikirie: leo ni shilingi 15,000 za vyoo. Kesho atafika mtu na gari jeupe anataka ekari 50 za mkonge, tangazo litapandishwa usiku wa Jumanne, na Ijumaa saa 12 jioni tutakuwa tumekubali kwa kauli moja, tuliolala, tulioko shamba, na tulioishiwa bando.

Nilimfuata mtendaji ofisini. Alinikaribisha vizuri, ni kijana mwenye adabu, akaniita baba. Akanieleza kwamba mikutano watu hawaji. Ya mwaka jana aliitisha miwili, wakaja watu 30, akidi haikutimia, akaambiwa na wakubwa wake kazi haziendi. Kwenye simu anawapata 140 bila kuita. Ana hoja, sikatai. Tulipokuwa vijana mkutano ulikuwa ndiyo burudani. Leo mtu ana mpira, ana mahubiri, ana tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, vyote mfukoni. Hata sisi bara, ambao televisheni tuliipata 1994 wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tumeshazoea kukaa ndani jioni. Mwembe umepoteza watu kabla grupu halijaanzishwa, na hilo sitalitupia mtendaji.

Lakini nilimuuliza: hao 30 waliokuja walikuwa akina nani? Akafikiri. Akasema wengi ni wazee, na kina mama wa upande wa bondeni. Ni wale wale wasiokuwemo kwenye grupu.

Naomba basi mambo mawili kwa wahusika wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na sitaki makubwa. Utoke waraka wa mstari mmoja tu, kwamba ukimya kwenye simu hauhesabiwi kuwa kura. Grupu liite watu, likumbushe, lioneshe risiti. Likishaita, watu wakae wahesabiwe vichwa. Na tangazo lolote litakalopandishwa kwenye simu lipite pia kwa mdomo: kipaza sauti kwenye bodaboda, mzunguko mmoja wa kijiji, mafuta ya shilingi 5,000. Vijana wa kampeni walipokuja Novemba 2024 kutuomba kura za serikali ya kijiji walizunguka na vipaza sauti siku nzima, hadi kuku hawakutaga. Kwa hiyo vipo, na njia wanazijua.

Yaliyobaki ni ya aibu yangu mwenyewe. Mashimo ya vyoo yalichimbwa Machi. Sikwenda kuyaona. Mahali palichaguliwa kwenye grupu pia. Fundi aliweka picha tatu za kiwanja, kimekauka vizuri, kina kivuli, kiko nyuma ya madarasa. Nami nilipoziona niliweka dole gumba. Mwalimu wa Mtu ni Afya, niliyesoma kijitabu kile kwa sauti majuma 12, niliweka dole gumba.

Kiwanja kile ni bondeni.

Masika yalipoanza, wiki ya pili ya Aprili, mashimo yote manne yalijaa maji mpaka ukingoni, na moja likaporomoka ubavu. Mwalimu mkuu ameyazungushia miba watoto wasitumbukie. Nilikwenda na jirani yangu kuyaangalia. Alisimama na mwavuli wake, akatazama maji, akatazama ule udongo mwekundu wa ubavuni, hakunikumbusha chochote. Aliuliza tu kama jogoo wake atahesabiwa kwenye mchango wa pili, maana grupu limeshatangaza shilingi 10,000 nyingine za kuchimba upya, na safari hii hakuna anayeweza kujibu.

Gazeti lako huku hufika saa nne asubuhi kwa basi la Tanga. Nimemwahidi ukiichapa barua hii nitamsomea kibarazani, na majirani wa bondeni wamesema watakuja kusikiliza. Wameshaniuliza kama ni lazima kuja na simu.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.